Farasi wa Kiti cha Nyuma

— Tukifika kwa kaka yangu, nishushe na begi langu, kisha geuza gari. Usiingie hata kunywa chai.

Zorigt aliendesha tu, macho mbele, jangwa la Gobi limelala jeupe kwa theluji kulia na kushoto.

— Naongea na wewe!

— Nimekusikia, Solongo.

— Ndivyo ulivyo, unasikia tu. Tumemzika mwanetu hukutoa hata chozi. Majirani wanalia, wewe umesimama kama nguzo ya umeme. Hivi yule mtoto ulimpenda kweli?

Homa ya mapafu ilimchukua binti yao vuli ile, akiwa na miaka sita, na tangu hapo nyumba ikawa haikaliki. Solongo alikuwa bado anasikia viatu vidogo vikiburuzwa mlangoni. Hata sasa hakuthubutu kugeuka, maana alihisi kabisa kwamba kiti cha nyuma kina mtu.

Wakafika kileleni mwa kilima, penye rundo la mawe lililofungwa vitambaa vya buluu. Kila dereva anayepita hapo hupiga honi mara tatu. Kwao, kazi hiyo ilikuwa ya mtoto. Alikuwa akipanda mapajani kwa baba yake na kuibonyeza kwa mikono miwili huku anacheka. Zorigt alinyoosha mkono, ukakwama hewani. Akazima gari.

— Siwezi.

Huko juu mtandao ulishika. Ujumbe wa kaka yake Solongo ukaingia: "Mdogo wangu, chumba chako tayari. Nakungoja." Hajajibu, simu ya Zorigt nayo ikaita. Akaipokea kwa spika kama alivyozoea, glavu mikononi.

— Mwanangu, bado umejikaza?

— Nimejikaza, mama.

— Usilie, baba, nakuomba. Nilishakuambia, machozi ya mzazi huwa mto, na marehemu lazima auvuke.

Zorigt aliikata haraka, lakini mkewe alishasikia.

— Kumbe ni hilo?

Zorigt aliirudisha simu mfukoni.

— Zorigt, nijibu!

— Hakujua kuogelea, Solongo.

Solongo alijiziba mdomo. Uchungu ulimpanda upya, safari hii umechanganyika na hofu.

— Na mimi niliyelia usiku na mchana? Ina maana huo mto nimemjazia mimi?

— Wewe ni mama, nani angekuzuia? Nikasema basi, mimi nisiongeze hata tone.

Akamvuta mumewe, wakakumbatiana kwa shida na makoti yao mazito, gia katikati. Walikaa hivyo mpaka pumzi zao zikaganda kwenye vioo vyote. Ndipo Solongo, kwa mara ya kwanza tangu watoke mjini, akatazama nyuma. Nywele zikamsisimka.

Kwenye barafu ya kioo cha nyuma, pale kidole kidogo kilipopita majira ya baridi yaliyopita, mchoro ulikuwa umejitokeza tena. Farasi mwenye miguu mitano, na mtu mdogo mgongoni.

— Zorigt, geuka. Geuka uone!

— Nini?

— Ana farasi.

Zorigt aligeuka. Akalia kwa sauti, mwanaume mzima, kichwa kwenye usukani, wala Solongo hakumnyamazisha. Alipitisha mkono pembeni yake, akabonyeza honi mara tatu.

Baadaye Zorigt aliwasha gari, akapeleka mkono kwenye hita.

— Acha! Itamfuta.

— Tutaganda, mke wangu. Kwa kaka yako bado mbali.

— Nani kasema tunaenda kwa kaka? Geuza gari.

Akamwandikia kaka yake: "Usiningoje." Wakarudi nyumbani wakitetemeka meno, na kila mara Solongo aligeuka nyuma kumtazama.