Nilinyonya Maziwa ya Wense

"Mwanangu yuko wapi?!"



Apolinaria alisimama katikati ya chumba, blauzi imelowa kifuani pande zote mbili. Hajamnyonyesha mwanawe tangu alfajiri, matiti yamejaa mpaka mkono hauinuki vizuri.

Kitanda kitupu. Kanga ya kumbebea mtoto haipo. Nguo zake zilizokuwa zimeanikwa uani, nazo hazipo!

Mlangoni akatokea jirani yake, Sikuzani, macho chini.

"Mama Wense, kaa kwanza."

"Sikai! Wense yuko wapi?"

"Mama mkwe wako kapanda naye gari moshi mchana huu. Anampeleka kwao Bukene. Kaacha ujumbe..."

"Ujumbe gani?"

"Kasema, endelea kumnyonyesha huyo mtoto wa marehemu. Mjukuu wake hatagusa tena hilo titi."

Jamani! Akakaa chini sakafuni. Siri ile alikuwa nayo yeye na mtu mmoja tu...

Ngojeni. Kabla hamjaanza kutukana kule kwenye komenti, niwaeleze vizuri. Mwaka ni 1951, hapa hapa Tabora, enzi za Mwingereza. Mimi ni bibi wa miaka sabini na kitu, simu kanifundisha mjukuu, na habari hii inanihusu kuliko mnavyodhani.

Apolinaria alikuwa mhudumu wa wodi ya wazazi. Kazi alifundishwa na masista, na aliipenda sana. Mumewe, Hilari, alikuwa akitengeneza njia ya reli, kambi yao iko Usoke, nyumbani anaonekana mara moja kwa mwezi. Wense alipotimiza miezi miwili, matroni akamwita mama yake kazini.

"Na mtoto, memsahibu?"

"Mtoto abaki nyumbani. Hapa ni hospitali."

Haya! Mama mkwe, Bibi Josepha, akaja kutoka Bukene kumlea mjukuu. Apolinaria akawa ananyonyesha alfajiri, anatoka. Mchana mtoto anapewa maziwa ya ng'ombe kwa kijiko. Jioni mama anarudi mbio...

Mlionyonyesha mnajua kilichofuata. Siku za kwanza matiti yanauma kama jipu. Baadaye maziwa yanaanza kupungua taratibu. Wiki ya tatu, Wense akawa anavuta jioni, anaachia, analia. Na mama yake mchana kutwa anajificha chooni kujikamua, maziwa yanaishia chini, machozi nayo yanaishia hapo hapo.

Sasa, kwenye kitanda cha mwisho wodini alikuwepo mtoto wa kike. Mama yake alifariki siku ile ile aliyomzaa. Chupa alikuwa anaitapika yote. Alikuwa amebaki macho na mifupa.

Mtoto huyo ni mimi.

Mchana mmoja Tekla, mhudumu mwenzake na shoga yake wa kufa na kuzikana, akamkuta chooni anajikamua.

"Apoli! Unamwaga maziwa chini, na yule kule anakufa njaa?"

"Matroni akiniona?"

"Mimi nitasimama mlangoni. Nenda!"

Nikapewa titi. Wanasema nilinyonya mpaka pua ikatoka jasho!

Ikawa hivyo kila mchana. Mimi nikanenepa. Na kwa sababu nilikuwa navuta, maziwa ya Apolinaria yakarudi tele, jioni Wense naye ananyonya mpaka analala na titi mdomoni. Bibi Josepha mwenyewe akasifia.

"Mkwe wangu, siku hizi una maziwa! Umekula nini?"

Apolinaria akacheka tu. Angesemaje? Bibi Josepha alikuwa na hofu yake moja, haikumtoka hata kanisani: mtoto aliyefiwa na mama siku ya kuzaliwa amebeba kifo, na atakayenyonya naye titi moja kitamhamia. Ndiyo maana Apolinaria alifunga mdomo.

Na sasa mtu kaufungua!

Kesho yake alimvamia Tekla mlangoni mwa wodi.

"Umenichoma, Tekla!"

"Mimi? Haki ya Mungu, sijamwambia mtu!"

"Nani mwingine alijua?"

"Apoli, hebu nitazame..."

"Usinitaje tena kwa jina langu."

Gari moshi la Mwanza, linalopita Bukene, halikuwa la kila siku. Alingoja siku tatu. Na siku zote tatu, pamoja na uchungu wote ule, alikuja kuninyonyesha. Mnajua kwa nini? Maziwa yasikauke. Alitaka akimkuta Wense ampe titi lenye kitu ndani.

Ruhusa aliomba, akanyimwa. Akaondoka hivyo hivyo.

Bukene alimkuta mwanawe kalazwa mkekani, macho yameingia ndani. Alikuwa akilishwa uji mwembamba. Tumbo likakataa, akaharisha siku mbili mfululizo.

"Mpe titi," Bibi Josepha alisema. Alikuwa analia, hofu yake yote imemtoka. "Mpe mama, mpe upesi!"

Akampa. Maziwa yalikuwepo, yanachuruzika yenyewe! Wense akalishika titi la mama yake, akavuta mara mbili... akaachia.

Hakuwa na nguvu ya kuvuta mara ya tatu.

Walimzika kesho yake. Hilari alifika kutoka Usoke kaburi limeshafunikwa. Apolinaria akamgeukia mkwewe, akauliza neno moja tu.

"Nani alikwambia, mama?"

"Mwanamke katoka hospitali. Alikuja mchana, wewe hupo. Sikumuuliza jina."

Basi. Kwake kesi ilikwisha. Nani mwingine kama si Tekla?

Aliporudi Tabora kazi yake ilikuwa imepewa mtu. Lakini aliingia wodini vile vile, kama mgeni, akapita hadi kitanda cha mwisho, akanichukua. Bibi yangu mzaa mama, Bibi Mwanne, alikuwa ameketi pale. Alimwona, akalia.

Alininyonyesha miaka miwili, kila siku anakuja nyumbani kwetu kwa miguu. Kwetu Waislamu aliyekunyonyesha ni mama yako, na watoto wake ni ndugu zako. Kwa hiyo Apolinaria ni mama yangu, na Wense, ambaye sikupata kumwona, ni kaka yangu. Nikimkumbuka naumia, na siwezi kuwaeleza zaidi ya hapo.

Tekla? Walikuwa wakikutana sokoni, mmoja anavuka upande wa pili. Miaka ishirini na saba! Tekla alifariki mwaka 1978. Mama hakwenda msibani.

Mwaka uliofuata Bibi Mwanne akaugua, ule ugonjwa wa mwisho. Akaniita.

"Maua, funga mlango. Kuna mchana mmoja nilikuja wodini kukutazama. Mlangoni hapakuwa na mtu. Nikamwona yule binti anakunyonyesha. Nilitoka nje nikilia kwa furaha, nikaulizia kwao ni wapi..."

"Halafu?"

"Nikanunua doti ya kanga, na mchele na sukari. Nikaenda kushukuru. Nikamkuta mama mkwe, nikamwambia natoka hospitali, mkweo anamnyonyesha mjukuu wangu aliyefiwa na mama. Kuanzia leo mjukuu wako na wangu ni ndugu..."

"Bibi!"

"Nilidhani anajua! Nilidhani nimepeleka heri, Maua."

"Na Tekla? Umemwacha abebe lawama miaka yote?"

Akageukia ukutani.

"Niliogopa. Apolinaria angejua ni mimi, asingekunyonyesha tena. Ulikuwa huna kingine cha kula. Ulipokua... nikaona aibu."

Nilimzika bibi yangu, kisha nikaenda kwa Mama. Nilimkuta anachambua mboga. Nikamweleza yote. Mikono yake ikasimama.

Nikamuuliza jambo ambalo sikupaswa kuuliza.

"Mama, ungejua wakati ule, ungeendelea kuninyonyesha?"

"Ulikuwa unalia, mwanangu. Ningefanyaje?"

Akajitanda kanga, akaniomba nimpeleke kwenye kaburi la Tekla. Alikaa pale mpaka jua likawa kali. Alichomwambia sikukisikia, nilisimama mbali.

Wanangu, ninachowaomba ni hiki. Mtu akikutendea wema wa siri, mshukuru yeye mwenyewe, usiende kumshukuria kwao. Ukimtuhumu rafiki, msikilize anapoapa. Na wewe mwenye ofisi, mama akirudi kazini mpe nafasi na muda wa kumnyonyesha mwanawe au kujikamua bila kujificha. Siri yetu ilizaliwa chooni.

Na kama humu yumo mjukuu wa Tekla, yule mhudumu wa wodi ya wazazi, naomba aniandikie. Bibi yenu hakumchoma mtu. Aliyesema ni wa kwetu, na alisema kwa ajili yangu.