Vipimo vya Kinyozi

Foleni ya kuchukua fomu za udiwani ilianzia dirishani kwa karani, ikakata ukumbi wote, ikatoka nje mpaka kwenye maegesho ya magari. Fundi alikuwa katikati yake, ndani ya gauni la kijani lenye maua madogo meupe, kiuno kimebana, kola imesimama. Alilishona mwenyewe kwa ajili ya siku hiyo, na alijua limemkaa. Nyuma yake mwanamume mmoja akakohoa.

“Samahani dada, unishikie nafasi nikatafute maji?”

“Maji? Kwetu bomba la mtaa lina kufuli.”

“Na kwetu. Nasikia ufunguo uko kwa shemeji yake Mheshimiwa.”

Fundi akageuka. Kumbe walikuwa wa kata moja! Mheshimiwa huyo ndiye diwani wao, na kiti kile alikuwa amekikalia tangu Fundi hajajua hata kutunga uzi kwenye sindano.

“Unamchukulia mumeo fomu?” mwanamume akauliza.

“Mume sina. Najichukulia mwenyewe.”

“Basi tumekutana pabaya. Na mimi najichukulia.”

“Kiti kile kile?”

“Kile kile.”

“Pole, kaka. Sasa wewe utakaa wapi?”

“Nitasimama pembeni nikupepee.”

Fundi alicheka bila kutaka. Akamtazama vizuri. Nywele zimechongwa, ndevu zimepangwa, ananukia sabuni ya kunyolea, shati limepigwa pasi likakubali. Lakini mkono wa kushoto wa shati ulikuwa umemfunika mpaka kwenye vidole.

“Aliyekushonea alikupima mkono mmoja tu,” akamwambia.

Yule bwana akaacha kutabasamu. “Nilianguka juu ya paa nikiwa mtoto. Wa kushoto ukavunjika, ukaunga kivyake. Ni mfupi kidogo tu. Watu huwa hawaoni.”

“Mimi ni fundi cherehani. Naona.”

“Na mimi kinyozi. Naona nywele zako zimekatwa na mtu mwenye hasira.”

“Nilijikata mwenyewe.”

“Ndiyo hivyo. Ulikuwa na hasira.”

Walipofika dirishani walikuwa wameshapeana namba za simu, na karani akawatazama kwa huruma kidogo, kama daktari anavyomtazama mgonjwa ambaye bado hajaambiwa.

Mapenzi ya wagombea wawili wa kiti kimoja ni shughuli. Mchana Kinyozi alisimama juu ya benchi mbele ya kibanda chake akiwaahidi vijana kwamba kufuli la bomba litavunjwa. Mtaa wa pili Fundi aliwaahidi akina mama jambo lile lile, tena kwa sauti kubwa zaidi. Jioni simu ikalia.

“Mpinzani wangu, umekula?”

“Nimekula, laazizi. Na kura zako nazo nitazila.”

“Acha hata moja. Ya mama yangu.”

“Mama yako mwenyewe kaniletea sketi jana. Huyo nimeshamhesabu kwangu.”

Mama yake Fundi, ambaye alikuwa akichambua mchele kando yake, akainua macho. “Hiyo simu inakuchekesha kuliko redio. Nani?”

“Mpiga kura tu, mama.”

“Mpiga kura gani anaitwa laazizi?”

Waliahidiana kuficha mpaka uchaguzi upite, na atakayeshinda atamchumbia mwenzake. Wafuasi wao wangejuaje kwamba hawachezewi? Lakini mapenzi yana kiherehere, na kiherehere cha Fundi kilikuwa mikononi. Alimshonea Kinyozi shati la kampeni, jeupe kama maziwa, mkono wa kushoto umefupishwa sawasawa. Kitambaa cha gauni lake la kijani kilikuwa kimebaki kipande. Akakitia ndani ya vikofi, yale mapindo ya mwisho wa mikono, upande unaogusa ngozi, ambako hakuna atakayeona ila wao wawili. Alikuwa akijichekea peke yake alipokata uzi wa mwisho.

Siku wagombea wote watatu walipoitwa uwanja wa shule kuhojiwa na wananchi, jua lilikuwa kali hata viti vya plastiki viliunguza. Fundi alivaa gauni lake la kijani. Kinyozi aliposimama kuzungumza, jasho likamtoka, akafanya lile ambalo mwanamume yeyote hufanya bila kufikiri. Akafungua vifungo na kukunja mikono ya shati.

Maua madogo meupe yakaonekana mpaka nyuma kabisa.

“Jamani!” mama mmoja akapiga ukelele. “Hilo si gauni la Fundi?”

Uwanja mzima ukalipuka kwa vicheko na vigelegele. Fundi aliinamisha uso, masikio yakimwaka moto, moyoni akifurahi kuliko alivyopaswa. Alipoinua macho akamwona Mheshimiwa. Hakuwa anacheka. Alitazama vikofi vile, akamtazama Fundi, akavitazama tena. Kisha akapiga makofi polepole, kwa vidole tu, na kumwinamia mtu aliyekaa nyuma yake. Fundi akaingiwa na baridi juani.

Asubuhi iliyofuata picha zao za kampeni, zilizobandikwa kando kwa kando kuanzia stendi mpaka sokoni, zilikuwa zimekatwa midomo. Hazikuchanwa. Zilikatwa kwa mkasi mkali na mtu mwenye subira, mstari safi usio na kigugumizi. Picha za Mheshimiwa zilikuwa nzima, zikitabasamu.

Siku tatu Kinyozi hakupiga. Alipopiga, sauti yake ilikuwa kavu.

“Jitoe.”

“Hata salamu hakuna?”

“Fundi, jitoe kwenye uchaguzi. Mwisho ni Ijumaa.”

“Kwa nini?”

“Nakuomba tu.”

“Unaniomba, au umetumwa?”

Kwa mbali alisikia mashine ya kunyolea ikiunguruma bila kichwa cha kunyoa.

“Nilijua,” Fundi akasema. “Wenzangu waliniambia huyo anakutafuta akulainishe, nikawaona wana wivu. Kumbe ni kiti tu! Nikakushonea shati, mjinga mimi, nikakupa mpaka ndani ya kikofi!”

“Siyo hivyo, roho yangu.”

“Usiniite hivyo. Sema sababu basi.”

“Siwezi.”

Fundi akakata simu. Alilia akiwa anashona, na sare ya mtoto wa watu ikapata mshono uliopinda ambao ilibidi aufumue wote. Mama yake alileta chai, akaiweka, asiulize kitu. Lakini Fundi hakujitoa. Alhamisi alizunguka mtaa mzima na kipaza sauti, akalitaja kufuli mara nyingi kuliko kawaida, na kila alipolitaja alimwona Kinyozi.

Mteja mmoja alikuja kibandani kwake mchana wa siku hiyo hiyo, barabara ikiwa imejaa watu. Bwana mpole, viatu vimeng’arishwa, kucha safi kama za mganga wa meno. Alimwamkia mama kwa adabu, akaweka juu ya meza kitambaa cheupe kilichokunjwa.

“Nataka nguo ya mwanamume. Mikono mirefu. Bila mfuko.”

“Bila hata mmoja?”

“Huko anakokwenda hatakuwa na kitu cha kutia mfukoni.”

Fundi alidhani ni utani, akatabasamu kibiashara. “Aje basi nimpime.”

“Ana kazi nyingi. Vipimo ninavyo kichwani.” Akaanza kuvitaja taratibu, bega, kifua, kiuno, urefu. Fundi haandiki vipimo, yeye huvisikia na kuvishika, na alivyokuwa akivishika vidole vikaanza kufa ganzi. Alikijua kifua kile. Alikuwa amekilalia. “Mkono wa kulia,” bwana akasema, akataja. “Na wa kushoto,” akataja tena, pungufu.

“Kwa kawaida,” Fundi alisema, sauti haikuwa yake, “huwa napewa mkono mmoja.”

“Huyu ana miwili tofauti. Kwani humjui?” Bwana akatabasamu. “Sina haraka. Kama kesho saa kumi jina lako bado litakuwa kwenye karatasi ya kura, nitaihitaji wiki ijayo. Kama halipo, kitambaa ni zawadi yako.” Akamuaga mama, akatoka, akavuka barabara akiwa ameangalia kushoto na kulia kama raia mwema.

Fundi alimpigia Kinyozi palepale. Simu iliita mpaka ikachoka. Akapiga tena na tena. Usiku huo usingizi ulimkataa, na alipofikiria lile bomba, na akina mama wenye ndoo, na kisha ule mkono mfupi wa kushoto, mkono ule ulishinda kila safari. Alikuwa amemchukia siku nne nzima, na hakuweza kukubali afe hata kwa dakika moja.

Ijumaa alasiri alikwenda kujitoa. Ukumbi ulikuwa mtupu sasa, foleni imekwisha zamani. Kwenye benchi chini ya dirisha la karani alikaa mtu mmoja, nywele hazijachongwa, ndevu zimeachwa.

“Umefuata nini hapa?” Fundi akauliza.

Kinyozi alishtuka, akasimama. “Najitoa. Wewe?”

“Najitoa.”

Walitazamana. Karani akachungulia dirishani, uso umemng’aa kwa kupunguziwa kazi. “Ah, mmefika wote! Afadhali. Mheshimiwa amepiga simu mara mbili kuuliza kama tayari. Nani anaanza?”

Hakuna aliyeanza. Fundi alimshika Kinyozi mkono, akamvuta mpaka pembe ya mbali ya ukumbi.

“Mtu mpole?” akamwuliza. “Kucha safi?”

Kinyozi akafumba macho. “Alikuja kunyoa ndevu. Akalala kwenye kiti, akanipa shingo yake. Nikiwa juu yake na wembe akaniambia kibanda chako kina vitambaa vingi, nyaya za zamani na mlango mmoja. Usipojitoa, siku moja utakuwa ndani na mlango utagoma. Na nikikwambia sababu, hatasubiri Ijumaa. Fundi, wembe nilikuwa nao mimi, na aliyetetemeka ni mimi.”

“Ndiyo maana hukupokea simu.”

“Ningesikia sauti yako ningesema yote. Nilipoona hujitoi, nikasema ngoja nijitoe mimi, nimwombe Mheshimiwa kwa magoti akuache.”

“Mimi aliniletea kitambaa chako. Na vipimo.”

“Vipimo?” Akajishika mkono wa kushoto. “Shati ulilonishonea lilipotea kambani siku moja, kesho yake nikalikuta chini. Nilidhani upepo.”

Fundi alimpiga ngumi kifuani, kisha akaificha sura yake palepale alipopapiga. “Nilikuchukia vibaya, wewe. Nilikuchukia mpaka sindano zikavunjika.”

“Na mimi niliisikia hiyo chuki mpaka kwangu. Nisamehe, kipenzi.”

“Unaona alivyotufanya? Wewe ujitoe kwa ajili yangu, mimi nijitoe kwa ajili yako, yeye apite bila kupingwa. Ametushona kwa uzi wetu wenyewe.”

Saa ya ukutani ilikuwa inakaribia kumi. Kinyozi aliitazama, akamtazama Fundi, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya uwanja wa shule akatabasamu.

“Ajitoe mmoja,” akasema. “Vijana wangu nitawaleta kwako mwenyewe, mmoja mmoja, nikiwashika masikio. Hatutaficha tena kitu. Mtu akitaka kutufanya lolote, alifanye kata nzima ikitazama.”

“Watakuua.”

“Wanaweza. Na wewe pia. Naogopa, Fundi, sikufichi. Ila naogopa zaidi kuzeeka nikipita kwenye lile kufuli bila wewe. Tulisema atakayeshinda atamchumbia mwenzake. Mimi nimeshashindwa, kwa hiyo sina haki. Lakini utanioa?”

“Unaposa ukumbini, ndevu hujanyoa?”

“Kinyozi hajinyoi akiwa na huzuni.”

“Nitakuoa. Kajitoe haraka, dirisha linafungwa.”

Karani alipokea karatasi moja, akangoja ya pili, akangoja sana. Kisha akainua simu yake taratibu, uso umempauka.

Walitangaza uchumba wao kesho yake sokoni, wameshikana mikono, na vigelegele vilikuwa vikubwa hata wauza samaki wakasimamisha biashara. Kinyozi alivaa vikofi vyake vimegeuzwa nje, maua yote hadharani. Wiki nzima hakukutokea kitu, na kutotokea kitu huko ndiko kulikowachosha. Mama alihamisha kiti chake akakiweka mlangoni. Kinyozi alikuja kila mchana na ndoo mbili za mchanga, akasema ni za kuzuia mlango usipigwe na upepo.

Bwana mpole alirudi siku ya kuamkia uchaguzi, mchana mweupe. Aliamkia. Mama hakuitikia.

“Nimekuja kuchukua nguo yangu.”

“Aliyepimwa ameshaivaa,” Fundi akasema, bila kuondoa mguu kwenye cherehani.

Kinyozi alikuwa amekaa pembeni akila chungwa, ndani ya shati jeupe jipya, mikono miwili imekaa sawa kabisa. Kifuani lilikuwa na mfuko mkubwa, na ndani yake ufunguo wa kibanda, kitana, na picha ndogo ya mgombea wa udiwani.

Bwana aliusogelea mshono, akautazama kwa makini kama mnunuzi. “Nilisema bila mfuko.”

“Ana vitu vya kuweka.”

“Hakika imemkaa,” bwana akakiri, na ilionekana anasema kweli. Akatoa chini ya kwapa mkunjo mwingine wa kitambaa kile kile cheupe, akauweka mezani, akaulainisha kwa kucha zake safi. “Hii ya pili ni ya kike. Vipimo unavyo mwenyewe.”

Chungwa likakoma mdomoni mwa Kinyozi.

“Inahitajika lini?” Fundi akauliza.

“Hatuna haraka. Ukishaapishwa.”

Kumbe hata wao walijua kwamba atashinda. Fundi akaondoa mguu kwenye cherehani. Akakivuta kitambaa, akakikunjua, akachukua chaki.

“Nitaivaa siku hiyo hiyo ya kuapishwa,” akasema. “Na mifuko nitatia miwili. Mmoja utakuwa wa ufunguo wa bomba.”

Bwana aliinamisha kichwa kwa adabu, akatoka, akavuka barabara. Hakuangalia kushoto wala kulia. Kinyozi alisimama, akamsogeza mama na kiti chake ndani, na kwa mara ya kwanza tangu kibanda kile kifunguliwe, akaufunga mlango mchana. Fundi akaanza kukata.