Vioo vya Bwana Haskett

Karatasi ilitoa kila kitu isipokuwa uso.

Kiti kilitokea. Ua wa vigingi vilivyochongwa ncha ukatokea nyuma ya kiti. Mikono ya mwanamke ikatokea, imeshika kibao cha namba kifuani, na ungeweza kuona hata udongo kwenye kucha. Shingo nayo ikaja. Juu ya shingo palibaki peupe. Wachuka aliinama juu ya beseni chini ya taa nyekundu, akasubiri, akatikisa dawa, akasubiri tena. Wapi! Akadhani dawa imechoka, akaimwaga, akachanganya nyingine na kusafisha picha upya. Uso haukuja. Kilichokuja ni harufu ya tumbaku ya kiko, tamu na nzito, ndani ya chumba ambamo hakuna mtu aliyewahi kuwasha hata sigara.

Chumba hicho cha giza kilikuwa nyuma ya hifadhi ya kumbukumbu mjini Nyeri, mwaka wa 1972, na Wachuka ndiye aliyekuwa fundi wa picha hapo. Vioo vya picha vilivyojaa rafuni, zile negativu za zamani, viliachwa na mzungu mmoja, Bwana Haskett, ambaye wakati wa Emajensi, ile hali ya hatari ya wakoloni, alikuwa na kazi ya kuwapiga picha watu waliofungiwa katika vijiji vya ua upande wa Othaya. Mtu aliketishwa kwa nguvu, akapewa namba, akaambiwa asitikisike. Hakuna aliyeulizwa kama anataka. Na huyohuyo, kabla hajafa, akaandika wosia: hifadhi iviweke vioo, watu waviangalie wakipenda, lakini isitolewe nakala hata moja bila barua yake yeye, kwa mkono wake yeye. Halafu akafa! Niambie, kuna ujeuri kushinda huo?

Wachuka alimwona mama yake siku alipokuwa akipangusa vumbi. Mama huyo, Kabura, alifia ndani ya ua ule Wachuka akiwa msichana mdogo, na nyumbani hakukubaki picha yake. Sauti Wachuka aliikumbuka, moshi kwenye nguo aliukumbuka, lakini uso ulikuwa umemtoroka miaka mingi, na jambo hilo lilimuuma kuliko kifo chenyewe. Sasa huu hapa, ndani ya kioo, weupe umekuwa weusi na weusi umekuwa weupe, lakini ni yeye. Alikaa chini sakafuni akalia mpaka pua ikaziba.

Mkuu wa hifadhi alikuwa Bwana Simeon Thuranira, Mmeru mwenye adabu nyingi na woga mwingi zaidi. Wachuka alipoomba nakala, alimweleza waziwazi, akimwita kwa jina la binti yake mkubwa.

"Mama Ngendo, haki ya kunakili ni ya mwenyewe. Hata akiwa kaburini."

"Mwenyewe ni nani?"

"Ni yule alipiga picha."

"Na yule alipigwa?"

Bwana Simeon akatazama viatu vyake. "Huyo sheria haikumtaja."

Basi Wachuka akaamua kufunga mlango na kunakili. Ningekuwa mimi, ningefanya vivyo hivyo, na wala nisingeomba radhi.

Kosa lake lilikuwa lingine, na ni kosa ambalo mtu wa kwao tu ndiye angelifanya. Kwao mtoto wa pili wa kike hupewa jina la mama mzazi wa mama yake, wala si jina tu: bibi mwenyewe ndiye amerudi. Binti wa pili wa Wachuka aliitwa Kabura, na tangu azaliwe mama yake alimwita "mama", na hakuna jirani aliyeshangaa. Shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo siku hiyo alimleta mtoto kazini. Akamwinua mbele ya kile kioo, akamwambia kwa furaha, kwa sauti ya kusikika chumba kizima, "Tazama, mama. Huyu ni wewe!"

Nyuma yao, gizani, kitu kikalia: chak! Kama kamera.

"Ni nani?" mtoto akauliza.

"Ni panya. Nyamaza."

Ndipo akasafisha ile picha, ikatoka bila uso.

Asubuhi yake Peris, jirani wa mlango kwa mlango aliyemjua Kabura tangu akiwa mchanga, alimkuta mtoto akioshwa miguu uani. "Mama Ngendo, huyu mgeni umemtoa wapi? Ni wa dada yako?" Wachuka akacheka, akidhani ni utani. Peris hakucheka. Kazini Wachuka akajaribu tena kunakili, uso ukakataa, harufu ya kiko ikazidi. Jumapili, mwalimu wa watoto kanisani akagawa picha za Yesu kwa kila mtoto, akamruka Kabura, na alipoulizwa akasema hakuona mtoto pale. Mwenyewe Kabura alianza kunyamaza. Alikuwa mtoto wa maneno mengi, jamani, mtoto wa kukuuliza mvua inalala wapi, na sasa alikaa kimya.

Kisha Gicheru, mume wa Wachuka, akarudi kutoka Wang'uru alikokwenda kununua mchele wa kuuza. Alitua gunia, akamnyanyua Ngendo, binti yao mkubwa, akampa mandazi, akamwita "mama" kwa kuwa alikuwa na jina la mama yake. Kabura akasimama kando, mikono ameinyoosha. Gicheru akamtazama kwa upole, vile mtu anavyomtazama mtoto wa watu.

"Na huyu," akamuuliza mkewe kwa sauti ya chini, "haendi kwao? Ona, giza linaingia."

Wachuka alimshika mtoto mkono, akamvuta jikoni, akamwinulia kidevu kwenye mwanga wa koroboi, na pale alipotafuta ile pua aliyoijua na lile kovu dogo la nyusi alilolipata alipoanguka kwenye jiwe la kufulia, macho yake yalikuwa yakiteleza, yakiteleza na kuondoka kama maji kwenye jani la nduma, na kwa muda wa pumzi moja, Mungu amsamehe, yeye mwenyewe aliyemzaa alifungua kinywa ili aulize, wewe ni mtoto wa nani?

Hakuuliza. Akauma mdomo hadi ukatoa damu.

Kulipokucha alimweleza Bwana Simeon yote, akamwita Kihara, nabii wa kilemba cheupe, mzee aliyejulikana hadi Kerugoya kwa kufukuza mapepo. Kihara aliingia chumba cha giza na ngoma yake, akaomba, akapiga, kisha ngoma ikanyamaza ghafla. Alipotoka kilemba kilikuwa kimelowa jasho.

"Kuna jini limekaa kwa kiti," akanong'ona.

"Jini la nini?" Bwana Simeon akauliza, naye akinong'ona.

"La mali. Mwenye mali alikufa, lenyewe likabaki likilinda, na limevaa sura yake. Linasema huyu mtoto ni nakala, na nakala imetolewa bila barua. Kwa hivyo linamfuta." Akamgeukia Wachuka. "Mama, hicho kioo kivunje. Ponda, tupa mtoni. Mtoto atabaki."

Bwana Simeon alitia mkono chini ya meza akatoa nyundo. Kumbe alikuwa ameiweka tayari. "Vunja tu, Mama Ngendo. Mimi nitaandika ati kilianguka."

Ilikuwa huruma, sisemi haikuwa. Wachuka aliichukua nyundo. Akaenda rafuni, akashusha kioo, akamtazama mama yake aliyekuwa akimtazama kutoka ndani.

"Huyu walimzika kwa shimo pamoja na wengine, bila jina," akasema. "Leo nimponde mimi mtoto wake? Kwa nyundo? Ng'o! Simvunji. Na mtoto pia siwapi."

"Mama, utakosa wote wawili," Kihara akasema.

"Basi likuje linyang'anye nikiona."

Akaitupa nyundo, akambeba Kabura mgongoni, akaingia na kioo chake, akafunga mlango kwa komeo. Nje ulikuwa mchana mweupe, watu wa sokoni wakipiga kelele zao. Ndani kulikuwa na ile taa nyekundu tu, na baridi ya kuuma meno, na katikati ya chumba kulikuwa na kiti ambacho hakikuwa chake. Alikijua kiti kile: ni kile cha kwenye picha. Akaweka kioo mahali pake kwenye mashine, akapitisha mwanga, akaitia karatasi ndani ya dawa, na harufu ya kiko ikaja ikijaza pua na koo na kifua mpaka ikawa kama anameza sufi, na chak ikalia kushoto, chak ikalia kulia, chak nyuma ya shingo ya mtoto, na kila ilipolia Wachuka alihisi uzito wa mtoto mgongoni ukipungua, ukipungua, mpaka akapeleka mikono nyuma akamkamata miguu yote miwili kwa nguvu, akaogopa kwamba akilegeza tu atabaki ameshika leso tupu.

Kisha kiti kikalia kama kimekaliwa, na sauti ikasema kwa Kiswahili kilekile cha kuitia watumishi:

"Barua ya mimi iko wapi?"

Wachuka akazidi kuibana miguu ya mtoto.

"Wewe mama hapana jua sheria? Ile uso mimi nachukua. Mali ya mimi. Na hii toto ni ile ile uso, wewe nasema na mdomo yako. Sasa hii toto ya mimi."

"Nilisema," Wachuka akajibu, na sauti yake ikamshangaza mwenyewe kwa ukali, "na sirudishi neno. Huyu ni Kabura. Yule uliketisha kwa hicho kiti ni Kabura. Na yeye alipewa jina ya nyanya yake Kabura, mwenye alichunga mbuzi Othaya kabla baba yako ajue kuna mlima hapa. Huyo naye alikuwa na wake. Sisi tunarudi hivyo, na hatujawahi kuomba mtu. Sasa nikuulize wewe. Siku ulinakili mama yangu kwa kioo, barua ya mwenyewe ilikuwa wapi?"

Kiti kikalia tena.

"Sema! Uliomba nani?"

"Mimi serikali," sauti ikasema.

"Serikali yako ilikunja bendera ikaenda! Ulinakili bila ruhusa. Mwizi ni wewe."

Kitu kikapiga rafu kwa kishindo na vioo vikalia vyote, taa ikazima ikawaka, na katika kuwaka kule aliona mguu wa suruali ya kaki, na soksi ndefu, na juu yake asione kitu. Mtu mwingine angekimbia. Wachuka alimtua mtoto, akapiga magoti mbele yake, akamshika mabega ambayo aliyahisi lakini hakuyaona vizuri.

"Linataka ruhusa ya mwenyewe," akasema. "Basi mwenyewe yuko hapa, na ana mdomo. Kabura, mama yangu, unakubali nikunakili?"

Mtoto akainua kichwa. Siku nyingi hakuwa ametoa neno.

"Utaniweka wapi?" akauliza.

"Ukutani. Pahali kila mtu akiingia kwetu atakuona wewe kwanza."

Kabura akafikiri. Kiti kikasogea, kikikwaruza sakafu, kikija upande wao.

"Nakubali," mtoto akasema. "Lakini huyo mzee atoke kwanza."

Lo! Yowe lililotoka pale lilisikika hadi barabarani, watu wakadhani gari limegonga mbuzi. Wachuka hakugeuka. Alikuwa ameinamia beseni, kwa sababu katika ule weupe juu ya shingo jicho lilikuwa limefunguka, kisha la pili, kisha nyusi zikaja, na pua, na mdomo uliobanwa kwa hasira ya kuketishwa kwa nguvu, na Wachuka akamwona mama yake, mzima, akiwa kijana kuliko yeye mwenyewe alivyo leo, na akalia kwa sauti, akicheka hapohapo, akisema, "Umekuja! Umekuja!" na machozi yakidondoka ndani ya dawa.

Alipofungua mlango Gicheru alikuwa pale na Bwana Simeon. Alikuwa amekuja mbio bila kujua anakimbilia nini. Akamnyakua mtoto. "Kabura! Mbona uko baridi hivi? Nani alikuweka kwa giza?" Akamfunika kwa koti, akamkumbatia mno, mtoto akalalamika.

Kihara alichungulia ndani, akatikisa kichwa. "Limeachilia kioo kimoja. Ona vile viko vingi."

Ni kweli. Kutoka rafuni, nyuma ya vioo vya watu wengine, ile chak ilikuwa bado ikilia, polepole. Bwana Simeon alisikiliza, jasho likimtoka. Halafu, na hapa nampa heshima yake, akachomoa ufunguo wa chumba kati ya funguo zake, akauweka mkononi mwa Wachuka.

"Tangazeni kanisani," akasema. "Wenye hizo nyuso wakuje. Barua kutoka juu ikija, nitaijibu mimi."

Jumapili iliyofuata walikuja baada ya ibada. Wengine walitoka mbali Othaya kwa miguu, wanawake wa mashambani na wa mjini, kila mmoja ameshika mkono wa mtoto aliyebeba jina la mtu wa rafuni. Walijaza ukumbi, wakajaza veranda, wakafika hadi kwenye lami. Wachuka alisimama mbele, akatia ufunguo. Kutoka ndani kitu kizito kikaburutwa sakafuni, kikaegemezwa kwenye mlango, na harufu ya kiko ikapenya chini ya ubao. Watoto wakajificha kwenye nguo za mama zao. Wachuka akaweka bega lake mlangoni, akawageukia wale waliokuwa nyuma.

"Sukumeni, akina mama," akasema. "Liko peke yake."