Mwiko Mkononi

Foleni ilikuwa imefika hadi barabarani siku lile jumba la kale lilipofungua milango kwa watu waliotaka kujifunza kazi za mikono za zamani. Mshonaji mmoja, aliyevaa gauni la kijani kibichi alilolishona mwenyewe na viatu vyeupe alivyoazima kwa dada yake, alijiunga na foleni ya karibu, simu sikioni, mteja akimlalamikia mikono ya blauzi. Alipofika mbele alikutana na mwanamume mrefu mwenye ovaroli iliyojaa madoa meupe. Hata nyusi zake zilikuwa nyeupe.

"Udarizi ni mlango wa pili, dada," mwanamume alisema huku akiviangalia vile viatu. "Hapa ni chokaa."

Ni kweli, udarizi ndio uliomleta. Lakini lile tabasamu la upande mmoja lilimchokoza.

"Nani kakwambia nimekuja kudarizi? Nimekuja kupiga lipu."

"Na viatu hivyo?"

"Viatu si vinavuliwa?"

Akavivua palepale, akaingia peku uani, na hivyo ndivyo mapenzi yao yalivyoanza, kwa uongo mdogo wa kuficha aibu. Laiti ungekuwa wa mwisho.

Yule mwalimu kila mtu alimwita Chokaa, na hakuna aliyekumbuka kama ana jina jingine. Kabla ya kumruhusu mtu kushika chochote, aliinua chombo cha kupigia lipu.

"Hiki ni nini?"

"Mwiko," wanafunzi wakajibu.

"Na kutia saruji kwenye ukuta huu wa zamani ni nini?"

Wakatazamana.

"Ni mwiko vilevile. Ukuta huu unapumua. Saruji inauziba pumzi, maji yanakwama ndani, halafu siku moja inabanduka na ngozi ya ukuta. Kwa hiyo kila ukishika mwiko, ukumbuke mwiko."

Wote walicheka. Mshonaji alicheka kuliko wote, maana alikuwa hasikilizi maneno, anatazama mdomo.

Lipu ya chokaa haitaki haraka. Hufunikwa magunia, na magunia humwagiliwa maji asubuhi na jioni ili ikauke polepole, la sivyo inapasuka. Chumba cha mshonaji cha kushonea kilikuwa mtaa wa nyuma ya jumba, basi kazi ya kumwagilia ikamwangukia yeye. Kila asubuhi simu ililia kabla hajavua kanga ya kulalia.

"Umemwagilia?"

"Hata salamu hakuna?"

"Hiyo ndiyo salamu yangu."

"Nimemwagilia, bwana. Na mimi nani wa kunimwagilia?"

"Nakuja jioni na ndoo, laazizi. Usikauke kabla sijafika."

Aliyemwita shemeji kabla ya mtu mwingine yeyote ni Seremala, aliyefundisha kutengeneza milango chumba cha pili. Yeye na Chokaa walilelewa nyumba moja, wakalala kitanda kimoja hadi miguu ikagoma kutoshea. Seremala alikuwa na utani wake mmoja, na hakuchoka nao. Alichungulia dirishani na kusema, "Shemeji, huyu na chokaa yake ya kubembeleza atakuzeesha. Tieni saruji watu waende nyumbani." Chokaa alimrushia tonge la lipu, naye akakwepa.

Ikaja siku ya mwisho kabla ya wageni kuja kuona kazi. Vipande vya lipu vya wenzake vyote vilishatulia chini ya magunia. Cha mshonaji kilikuwa kinateleza, kinashuka taratibu kama soksi iliyolegea. Alikikwangua akaanza upya, kikateleza tena. Na Chokaa alishajigamba kwa mkuu wa jumba, "Subirini muone kazi ya huyu," kisha akatoka kwenda kutafuta viti vya wageni.

Angesema tu, "Nimeshindwa, nisaidie." Kipi kigumu hapo? Lakini aliona haya. Kwenye stoo ya Seremala kulikuwa na nusu mfuko wa saruji ya kushikizia fremu za vyoo vipya vya nyuma. Aliingia, akachota kiganja kimoja. Akatoka, akarudi, akachota cha pili. Akapaka. Lipu ikashika, ikatulia kabisa.

Kesho yake Chokaa aliwasimamisha wageni mbele ya kipande kile, akakipigapiga kwa kiganja. "Chokaa tupu," alisema kwa fahari. Mshonaji alitabasamu. Jioni, wakikusanya magunia, Chokaa alimwambia kwamba mvua zikipungua atakwenda kwa shangazi yake mshonaji kupeleka posa. Yeye akaanza kumshonea shati la siku hiyo, la kitani, rangi ya maziwa. Alimshonea kwa mapenzi, na kila alipokanyaga cherehani alijiambia kwamba viganja viwili si kitu, ukuta mkubwa ule.

Mvua haikujua habari hizo. Ilipiga juma zima, na asubuhi moja kile kipande kikang'oka kizima na kuvunjika sakafuni. Kilibanduka pamoja na maua yaliyochongwa ukutani kando yake na mafundi waliokufa zamani, ambayo jumba zima lilikuwa linajivunia. Chokaa aliokota kipande, akakigonga kwa kucha, kikalia kama sahani, mlio wa saruji. Alikwenda moja kwa moja stoo kwa rafiki yake, akarudi ameshika ule mfuko, umejaa alama za vidole.

"Kila siku unanitania," alimwambia Seremala, sauti imekauka. "Kumbe ulikuwa na maana yako."

"Mimi? Ndugu yangu, nakuapia..."

"Usiape. Kazi ya maisha yangu umeifanyia mzaha."

Mshonaji alikuwa amesimama pale pale na ndoo ya maji. Maneno yalikuwa mdomoni, yamekamilika, yanangoja kutolewa tu. Akawaza posa, akawaza shangazi, akawaza yale macho yatakavyomgeukia. Akainama, akajifanya anaokota gunia.

Mkuu wa jumba alipouliza ni nani, Chokaa alijibu, "Darasa ni langu, kosa ni langu." Hakumtaja Seremala hata hapo, ingawa salamu alishamnyima. Wakamsimamisha kufundisha. Seremala alifunga boksi lake la vifaa akaondoka mwenyewe, kwa uchungu. Wanaume wawili waliopendana tangu utotoni wakawa wanavuka barabara ili wasikutane, na aliyewatenganisha alikuwa anakata vitambaa mtaa wa pili, hakamatiki kwa simu.

Maana hakuweza kupokea tena. Angepokea aseme nini? Simu ililia asubuhi na jioni, kisha asubuhi tu, kisha ikanyamaza.

Siku moja mchana Chokaa alisimama mlangoni mwa chumba cha kushonea. Ovaroli haikuwepo. Alivaa shati la kawaida, safi, na nyusi zake zilikuwa nyeusi. Alionekana mgeni.

"Nimekuja kuchukua shati langu, kama bado ni langu."

"Halijaisha. Kola bado."

"Basi nipe bila kola." Akavuta pumzi. "Nimeelewa, usihangaike. Uliyempenda ni mwalimu wa jumba la kale. Sasa mwalimu hana kazi, simu haipokelewi. Ungeniambia tu, mama, nisingekulilia."

"Siyo hivyo."

"Ni vipi, basi?"

Alikuwa na tepu shingoni na pini mdomoni. Akazitema moja moja kiganjani, kwa sababu mikono ilitaka kitu cha kufanya.

"Saruji niliitia mimi."

Nje mtu alipita akiuza vocha. Chokaa hakusogea.

"Rudia."

"Niliitia mimi. Lipu ilikuwa inateleza, nawe ulishanisifu kwa mkuu. Nikaingia stoo. Zile alama za vidole ni zangu. Na siku ile uani nilikuwepo, nikasikia unavyomwambia, nikanyamaza." Akaziweka pini mezani. "Nilinyamaza nisikukose. Nisamehe."

Chokaa alikaa kwenye kiti cha wateja, akautazama mkono wake kana kwamba ndio uliokosea.

"Ukuta nitaujenga," alisema hatimaye. "Saruji ni ujinga, na ujinga mimi ndiyo kazi yangu kuuondoa. Lakini nimemwambia yule mtu asiape. Tumekula sahani moja tangu tukiwa watoto, nami nikamzuia hata kuapa." Akainua uso. "Yeye umeshamwambia?"

"Nimeanza na wewe."

"Umeanza kusiko."

Aliondoka bila shati.

Mshonaji alifunga mlango siku hiyohiyo. Alimkuta Seremala kwenye karakana ya kukodi, akipiga randa ubao, akamweleza yote akiwa amesimama. Seremala aliendelea na randa mpaka mwisho wa ubao.

"Sawa, dada," alijibu. "Nimesikia."

Dada. Si shemeji. Angemtukana ingekuwa nafuu.

Kutoka hapo akaenda kwa mkuu wa jumba, akasema mbele ya wanafunzi wote waliokuwepo, uso unawaka. Chokaa akarudishiwa darasa lake. Seremala naye alirudi, na siku ya kwanza wale wawili walisimama uani wameshikana mabega, hadi watu wakaona haya kuwatazama. Mshonaji alipewa patasi na nyundo, aondoe mabaki ya saruji yake mwenyewe, polepole, asije akaumiza kilichobaki. Maua yale hayakurudi. Mahali pake alipaka chokaa tupu, nayo iliteleza, akaita, "Mwalimu, nimeshindwa." Chokaa alikuja, akamwonyesha jinsi ya kuulowesha ukuta kwanza, akaondoka.

Basi akawa anamwagilia. Asubuhi anapita, jioni anapita, hakuna anayemwagiza. Seremala alipita mara moja na mbao begani, akasema tu, "Dada, sogea kidogo," naye akasogea. Aliyavumilia hayo kwa sababu alijua ni haki yake. Shati la kitani lilibaki kwenye hanga, lina kola sasa, na kila alipolitazama aliliona limeshonwa na mwongo.

Asubuhi moja alikuwa bado kitandani, kanga hadi kidevuni, simu ilipolia chini ya mto wa kulalia. Aliliona jina, akakaa kitako. Akapokea, akaiweka sikioni. Upande wa pili mtu alikuwa anapumua, halafu ile sauti ikaja, ya kukwaruza, bila salamu.

"Umemwagilia?"

Akafuta macho kwa ncha ya kanga.

"Bado," alisema ukweli. "Ndiyo naamka."