Rekodi Isiyo na Jina

Kazi ilimgomea Ernesta kwa sababu ya mtu mmoja tu. Rekodi elfu arobaini na moja za wagonjwa zilikuwa zimeshahama kutoka kanzidata ya zamani kwenda toleo jipya, moja ikakataa. Ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi, katika hospitali moja ya binafsi pale Same mjini, ambako Ernesta alikuwa ndiye idara nzima ya TEHAMA.

Akaifungua. Jinsia, kike. Kijiji, Bombo. Mama, hakuna. Jina, hakuna. Mtoto ambaye hajapewa jina huandikwa Mtoto wa Fulani, lakini huyu hakuwa hata wa fulani. Toleo la zamani lilimvumilia miaka kumi na mitatu; toleo jipya, kama mabosi wote wapya, lilitaka kila nafasi ijazwe.

"Si umfute tu, Mama Viki," alisema Salha, karani wa masjala, akiwa mlangoni pa chumba cha seva na kikombe cha chai.

"Rekodi za wagonjwa hazifutwi. Naweka jina lolote, Jumatatu utanitafutia faili lake."

Akaandika jina la kwanza lililomjia, na mama mwenye mtoto mmoja atajiwa na jina gani jingine? Aliandika Victoria. Mfumo ukakubali, kazi ikaisha. Chumba cha seva kikaanza kunuka maziwa yaliyochacha.

Saa sita mumewe, Anderson, akapiga simu kutoka nyumbani.

"Mama Viki, huyu mtoto masikio yana nini? Namwita haitiki."

"Si anacheza huyo."

"Yuko mbele yangu! Ananiangalia kama naita mtoto wa jirani."

Ernesta akacheka, ila moyo ulikuwa umeshashtuka. "Hebu weka spika." Akaita, "Viki! Victoria!"

"Abee, mama."

Sauti haikutoka kwenye simu. Ilitoka nyuma yake, ndani ya kabati la seva.

Kikombe cha pili kikamponyoka Salha, aliyekuwa amerudi mlangoni. Wakashikana mikono pale pale, na ile harufu ikazidi, na feni zikapunguza mwendo moja baada ya nyingine mpaka chumba kikanyamaza kabisa ingawa taa zote zilikuwa zinawaka, na katika ukimya ule wakasikia kucha ndogo zikikwaruza bati kwa ndani, chini kwanza, kisha juu kidogo, kisha juu zaidi, kama mtoto anayejifunza kusimama.

Kufika saa tisa, kwa simu za Anderson, Viki alikuwa hataki hata maji, na hamtambui hata baba yake. Salha akamleta hospitalini mjomba wake, Mwalimu Yunus, anayefundisha madrasa nyuma ya soko na kusomea watu wenye majini. Ernesta ni Mlutheri, tena wa kwaya, lakini siku hiyo hakukumbuka kuuliza dini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

Mzee hakuingia. Alisoma akiwa mlangoni, kimya kimya, sikio ameliegesha kwenye ubao wa mlango.

"Huyu alikuwa amejikalia humu bila jina, hana shida na mtu," alinong'ona. "Wewe umempa jina lenye mwenyewe. Sasa wako wawili ndani ya jina moja, na yeye ana nguvu kuliko mwanao."

"Nikimfuta?"

"Utakuwa umemfuta Victoria. Yupi kati yao, mimi sijui."

Ernesta akaanza kulia. Mzee akamwacha alie kidogo.

"Mpe jingine. La kubuni hatalipokea, ameshaonja jina la mtu. Mpe jina la mtu ambalo mwenye nalo halitumii."

Kwa miaka minne, nyumbani, sokoni, kanisani, hata hapa kazini, yeye alikuwa Mama Viki. Akaingia peke yake, na kwenye nafasi ya jina, badala ya Victoria, akaandika Ernesta.

Feni zikavuma. Simu ikalia, Anderson analia na kucheka pamoja. "Ameitika! Anataka uji!" Ernesta alifurahi mpaka akakaa sakafuni.

Mwalimu Yunus yeye hakufurahi. "Una hakika hakuna anayekuita kwa jina hilo?"

"Hakuna, baba," alijibu haraka haraka.

Jumapili, walipotoka kanisani, ndipo alipomkumbuka mama yake. Mama anaishi peke yake huko Myamba, na hilo la Mama Viki hajawahi kulikubali hata siku moja. Mimi nilimzaa Ernesta, husema. Ernesta akapiga simu. Ikaita sana.

"Haloo, nani mwenzangu?"

"Shikamoo, mama. Ni mimi, Ernesta."



"Ernesta gani?" mama akauliza kwa sauti ya chini. "Ernesta wangu amefika tangu jana jioni, yuko jikoni ananipikia." Kisha akaisogeza simu mbali na mdomo, akaita kwa nguvu, "Ernesta! Njoo mwanangu, kuna mtu hapa anajiita wewe."