Mchunga wa Kefa

Ilikuwa mwaka wa 1947, na sukari ilikuwa imeanza kuonekana tena madukani baada ya vita. Kule Kisauni, msichana mmoja wa miaka kumi na miwili aitwaye Mbeyu alikuwa akiamka mapema kila siku, akiteka maji, akifagia uwanja, kisha akimpeleka mdogo wake Kefa kwa jirani na kushika njia ya shule ya misheni. Mama yake, Kafedha, alikuwa akienda kulima mihogo Utange tangu alfajiri. Baba yake, Nguma, alikuwa mkwezi wa minazi, na watu walisema hakuna mnazi uliowahi kumshinda.

Mbeyu akirudi adhuhuri, kazi moja ilimngoja kuliko zote: kumlisha Kefa mboga ya mchunga.

Kefa alikuwa na miaka sita. Mchana aliona vizuri, akikimbia na kurusha mawe kama watoto wote. Lakini jua likitua tu, alipapasa ukuta, akajikwaa kwenye mafiga, akamwita mama yake ilhali mama yuko mbele yake. Dresa aliyetibu watu pale zahanati, Bwana Mwidani, alimtazama macho, akamwambia Kafedha, "Mtoto huyu anakosa mboga za majani. Mpe mchunga kila siku, uupike kwa tui la nazi. Nimesema kila siku, mama, si siku ya sikukuu."

Nazi zilikuwepo, na mchunga ulijiotea wenyewe kando ya shamba. Aliyekuwa hataki ni Kefa. Mchunga ni mchungu, na Mbeyu, kwa uvivu wa kukuna nazi, aliuchemsha kwa maji matupu. Kefa aliuonja, akautema, akajibiringisha mchangani akilia. Siku ya pili ikawa vilevile. Siku ya tatu Mbeyu alichoka.

Siku hiyo alikuwa akitoka kuchuma mchunga alipopita nyumbani kwa Bi Kuluthum, mjane aliyeuza vitu vidogo vidogo barazani kwake. Palikuwa na viberiti, chumvi, na jagi la sharbati yenye rangi ya kupendeza. Kando ya jagi ilisimama chupa iliyobandikwa karatasi yenye picha ya chungwa lililokatwa, likichuruzika maji.

"Shikamoo, Bi Kuluthum."

"Marahaba, mwanangu. Wachukua nini hicho? Mchunga? Mjukuu wangu Nadhira aupenda huo kuliko nyama, na mie miguu yangu haiwezi tena kwenda kuuchuma. Nipe, nami n'takupa kikombe cha sharbati."

Mbeyu aliitazama ile picha. Akawaza: chungwa ni tunda, hupandwa, hutunzwa, hupelekwa sokoni. Mchunga hukanyagwa na mbuzi. Basi kikombe kizima cha tunda kitashindwaje na majani? Ndivyo alivyojidanganya, na alijiona ana akili kumshinda hata dresa.

Kefa alikunywa ile sharbati mpaka tone la mwisho, akalamba kikombe. Jioni mama aliporudi, jambo la kwanza aliuliza, "Kefa amekula mchunga?"

"Amekula, mama."

"Wote?"

"Wote."

Mama alitabasamu, akamshika bega. "Ahsante, mwanangu. Sijui ningefanya nini bila wewe."

Ule mkono begani ulimchoma Mbeyu, lakini kesho yake alibadilisha mchunga tena, na kesho kutwa tena. Kila magharibi swali lilikuwa lile lile na jibu lile lile. Wiki mbili zikapita. Macho ya Kefa hayakupona, bali yalizidi kudhoofika. Sasa alianza kupapasa hata kabla jua halijazama, na jioni moja alitia mkono kwenye sufuria ya uji uliokuwa ukichemka, akaungua.

Mbeyu aliingiwa na hofu. Akaamua kuacha sharbati na kurudia mchunga. Kefa alipoona bakuli la majani, alilisukuma.

"Nataka sharbati! Usiponipa, nitamwambia mama!"

Mbeyu akachuma mchunga mwingine, akaenda nao kwa Bi Kuluthum. Angesema nini? Akisema leo, mama atamuuliza kwa nini hakusema jana. Akisema kesho, kutakuwa na leo na jana pia. Alikuwa kama kuku aliyeingia tengani kwa miguu yake mwenyewe, na kila siku tenga lilizidi kumbana. Darasani hakusikia mwalimu akisema nini.

Ulipotimia mwezi, Nguma alirudi jioni moja, akamwona Kefa akipapasa kizingiti cha mlango. Akatua kamba yake ya kukwelea, akasema:

"Mwezi mzima mtoto anakula majani. Dawa ya dresa haifai kitu. Kesho asubuhi nampeleka kwa mganga, Mzee Tsofa, amchanje nyusi kwa wembe, damu mbaya itoke."

"Baba Mbeyu, mtoto huyu ni mdogo," Kafedha alisema kwa sauti ya kusihi.

"Unataka akue akipapasa? Mboga tumempa. Tufanye nini tena?"

Kefa aliposikia habari ya wembe, alipapasa hadi kwa Mbeyu, akamkumbatia shingoni. Akamnong'oneza sikioni, "Dada, mimi nilikunywa vizuri kila siku, sivyo?"

Mbeyu alimbana kifuani. Kesho wembe ungepita juu ya macho ya mtoto huyu asiye na kosa, kwa sababu ya ulimi wake yeye. Aliogopa kusema, lakini kunyamaza sasa aliogopa zaidi.

"Baba, hajala."

"Nani hajala?"

"Kefa. Hajala mchunga hata siku moja. Nilikuwa naubadilisha kwa sharbati." Akaeleza yote, machozi yakimtoka.

Nguma alisimama. Mbeyu alifumba macho akingoja kofi, lakini kofi halikuja. Alisikia sauti ya mama yake tu, chini chini: "Na mimi nimekuuliza kila siku, Mbeyu. Kila siku." Maneno hayo yalimuuma kuliko fimbo.

Asubuhi hawakwenda kwa Mzee Tsofa. Walikwenda zahanati. Bwana Mwidani aliwasikiliza mpaka mwisho, akamgeukia Mbeyu.

"Ulidhani sharbati itamfaa zaidi?"

"Ndiyo, bwana. Ni ya machungwa."

"Haya, twende tukayatazame hayo machungwa." Akavaa kofia yake, akawaongoza hadi barazani kwa Bi Kuluthum, akamwomba atengeneze kikombe kimoja mbele yao.

Bi Kuluthum alitia maji, akatia vijiko viwili vya sukari, akadondosha matone machache kutoka ile chupa, akakoroga.

"Chungwa liko wapi?" Bwana Mwidani aliuliza.

"Chungwa?" Bi Kuluthum alicheka. "Wallahi, humu hamna chungwa! Chungwa li pale karatasini. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mie nauza cha kukata kiu, mwanangu. Ungaliniuliza ningalikwambia."

"Umesikia?" Bwana Mwidani akasema. "Ni maji, sukari na rangi. Sukari itampa Kefa nguvu za kukimbia, lakini haitamwonyesha shimo lililo mbele yake. Hata chungwa la kweli, pamoja na faida zake, haliyafai macho haya kama mchunga unaokanyagwa na mbuzi."

Bi Kuluthum alipoelewa kisa chote, kicheko kilimwisha. "Yarabi! Kumbe n'kimlisha Nadhira dawa ya mtoto wa watu! Ndoo hapa kwangu, Mbeyu. Waupikaje huo mchunga?"

"Naudumbukiza kwenye maji ya moto."

"Na tui?" Mbeyu alisema hakutia, naye Bi Kuluthum akadakia: "Basi, huyo mtoto ana haki ya kuutema. Changanya na mchicha, utie tui zito. Litautuliza uchungu wote."

"Na mafuta ya tui ndiyo yanayousaidia mwili kupata manufaa ya majani," Bwana Mwidani aliongeza.

Tangu siku hiyo Mbeyu alikuna nazi kila adhuhuri. Kefa alikunja uso mara ya kwanza, mara ya pili akameza, mara ya tatu akaomba aongezwe. Mama hakuuliza tena swali lake. Kila jioni alifunua bakuli na kumkagua Kefa mdomo, na Mbeyu alisimama kando, akijua kwa nini haulizwi.

Wiki ya tatu, magharibi, Mbeyu alikuwa amekaa kwenye mbuzi akikuna nazi ya chakula cha usiku. Kefa alitoka ndani bila kugusa ukuta, akayazunguka mafiga, akasimama mbele yake.

"Dada, una nazi puani."

Nguma, aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia kutoka kazini, aliangusha kamba yake ya kukwelea. Wote wakacheka, isipokuwa Mbeyu, aliyelia kwa furaha.

Baba alimketisha kando yake. "Mwanangu, mboga ilikuwa chungu, ukaikimbia. Ukweli nao ulikuwa mchungu, ukaukimbia vilevile. Sasa umeona: vitamu vilitaka kumpofusha ndugu yako, na vichungu hivyo viwili ndivyo vilivyomponya."

Kesho yake jioni Kafedha alirudi kutoka shamba, akatua jembe.

"Mbeyu! Kefa amekula?"

"Abee, mama. Amekula, ila amebakisha kidogo."

Mama alitikisa kichwa kukubali, akaenda kunawa miguu. Bakuli hakulifunua.