Vidonge vya Wajawazito

Mathilde alimkuta mume wake nyuma ya nyumba yao ya Gasenyi anatafuna udongo mweupe, ule ule ambao wanawake wenye mimba wananunua sokoni. Cirimwami huyo, mpakuzi wa mizigo bandarini, mtu wa kubeba magunia mawili ya simenti!

"Papa Elsa, unakula nini?"

"Akuna kitu."

Tangu hapo, kila Cirimwami alipojilaza mchana, kitu kilifyonza chumbani. Fyoo, fyoo, taratibu, na nyumba ikanuka kutu. Midomo yake ikapauka. Akitembea hadi chooni anahema. Mathilde akachoka kusubiri, akamkokota maabara.

Jérémie, mpimaji wa damu, aliinamia darubini muda mrefu.

"Seli zako nyekundu ni ndogo, katikati zimepauka. Chuma imekwisha mwilini. Ungekuwa mwanamke ningeuliza mambo ya mwezi na mimba. Lakini mwanaume muzima, nauliza: damu inatokea wapi? Choo yako ni nyeusi?"

Cirimwami akatazama sakafu. "Ni nyeusi. Tangu Pasaka."

Tangu Pasaka, na amenyamaza! Mficha maradhi, kifo humuumbua. Daktari waliyetumwa kwake aliona kidonda tumboni kinachovuja damu, akampa dawa ya kidonda pamoja na vidonge vya chuma, akamwonya kwamba akiviacha moyo utashindwa.

Nyumbani Cirimwami akavitambua vile vidonge. Mathilde alivimeza alipokuwa na mimba ya mtoto wao Elsa.

"Ni za wajawazito hizi! Mi siko mwanamke."

Akavisukumia chini ya mto. Jamani, wanaume na ujinga wao!

Siku ya nne, jua la saa saba likiwaka, Mathilde alisikia mtu anaongea na mumewe, akasogea mlangoni polepole, na kutu ikamjaa puani, na akaona godoro limedidimia upande ambao hakuna mtu aliyelala, na sauti laini, ya kirafiki, ikatoka pale patupu ikisema, "Wenzako watakucheka, ndugu yangu, lala, usimeze, lala tu," na Cirimwami anaitikia kwa kichwa, amefumba macho.

Mathilde akaingia.

"We jini, toka! Huyu ni papa wa mutoto wangu!"

Kitu kile kikacheka kicheko cha wanaume wengi. Mathilde akakaa kitandani, akamshika mumewe mkono uliopoa.

"Papa Elsa," akanong'ona, "unataka kufa juu ya aibu?"

Cirimwami akafumbua macho. Akajiinua kwa shida, akapapasa chini ya mto, akameza kidonge bila maji.

"Nimemeza ya wanawake," akakiambia. "Na bandarini nitaisema mi mwenyewe, kwa sauti. Utanitisha na nini tena?"

Kufyonza kukakoma. Godoro likainuka. Halafu, taratibu, likadidimia tena karibu na miguu yake.

Cirimwami akapatazama.

"Kaa basi," akasema. "Kesho utaniona nameza ingine."